Rimu nne na klia iliyokufa: shajara ya mradi, Uyole, Mbeya

Jumamosi, 14 Juni

Gari liko juu ya magogo. Ni Mark X, rimu za inchi 16 ilizokuja nazo kutoka Japani, nati tano kila moja. Ukisimama mbali ni rimu safi tu. Inama sasa: klia, yaani rangi angavu ya juu inayolinda, imekuwa njano, pembeni inabanduka kama maganda ya kitunguu, na chini yake kuna vinyoo vyeupe vinavyotambaa kutoka kila mahali palipowahi kugongwa na kokoto.

Fundi mmoja aliniambia ule ni uchafu, ninunue dawa ya kuoshea rimu. Nimenunua dawa hizo miaka miwili, na vinyoo vimenenepa. Haviko juu ya klia, viko chini yake. Maji yenye chumvichumvi yanaingia kwenye mkwaruzo, alumini inaanza kuliwa, kutu yake nyeupe inainua klia kidogo mbele, maji yanapata pa kusogea, na mchezo unaanza upya. Ndiyo maana huenda kwa mstari mwembamba, kama mchwa anayejichimbia njia. Sabuni haifiki huko.

Ninachotaka: alumini tupu iliyosuguliwa ikang'aa, klia juu yake, basi. Hakuna rangi. Niliona gari moja la namna hiyo pale Mafiati na tangu siku ile sijatulia.

Mama watoto nimemwahidi wiki mbili. Duka lake liko Mwanjelwa, kwa hiyo atakwenda kwa bajaji, shilingi 2,000 kwenda na kurudi. Leo jioni kanitumia meseji: "2,000". Hakuna salamu, hakuna nukta.

Matairi yamevuliwa kwa kijana wa pancha hapa stendi. Nilimwomba asiingize mtaimbo upande wa mbele. "Kaka, rimu yenyewe marehemu hii, unaogopa nini?" Nimeandika namba kwa chaki kwenye kila tairi, lipi lilikuwa wapi na linazunguka kuelekea wapi. Vyuma vya balansi nimevibandua vyote. Kisha nimeosha, na hasa ndani, maana masizi ya breki yalikuwa yamekauka kama masizi ya sufuria ya kuni. Nimetumia sabuni ya vyombo, brashi na ndoo saba za maji. Mikono imekufa ganzi. Maji ya Uyole mwezi wa sita hayana huruma.

Jumapili, 15 Juni

Leo ni siku ya kuvua klia, na imeanza kwa ushauri.

Jirani yangu mzee anapika sabuni ya mche. Kaja, kazitazama rimu, kasema: "Mwanangu, unahangaika bure. Kostiki soda. Inakula rangi usiku mmoja, asubuhi unasuuza." Kaniletea na kopo. Shikamoo nimempa kwa heshima zote, lakini sikutaka kujaribia kwenye rimu. Nilichukua mfuniko wa sufuria iliyotoboka, nikaumwagia kijiko kimoja cha maji ya kostiki. Kwanza kimya. Halafu mapovu madogo, halafu makubwa, halafu mfuniko ukawa wa moto kiasi cha kutoshikika na mvuke ukaanza kukaba koo. Dakika kumi baadaye pale pote palikuwa peusi na pameliwa. Ukipitisha kucha unahisi shimo. Mzee akautazama mfuniko, akanitazama mimi, akasema, "Kumbe."

Kostiki inafaa kwenye chuma. Kwenye alumini haitofautishi rangi na alumini yenyewe: inakula vyote viwili, na yale mapovu ni gesi ya haidrojeni, inayowaka. Kuna watu wanaendesha magari kwa rimu zilizolowekwa kostiki usiku kucha. Sitaki kukaa nyuma yao mteremko wa Mlima Nyoka.

Nimetumia dawa ya kutolea rangi, ile nzito kama uji. Lebo inasema ina daikloromethani. Dawa hii ni kali na si ya kuchezea: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatuama chini kama maji kwenye beseni, na ukiuvuta mwili wako unaugeuza kuwa kaboni monoksaidi. Ndiyo hewa ileile ya jiko la mkaa lililofungiwa chumbani, na sisi watu wa baridi hatuhitaji kuelezwa maana yake. Kwa hiyo kazi yote uwanjani, upepo mgongoni, glovu nene, miwani. Mpwa wangu, aliyekuja kusaidia, nimemweka mbali hadi kwenye kusuuza.

Hapa kuna jambo moja lililonichukua saa mbili kuligundua. Nilipaka, nikasubiri dakika ishirini kama lebo inavyosema, nikakwangua. Hakuna kilichotoka. Dawa ilikuwa imekauka juu kabla haijazama, kwa sababu ya upepo, na chuma kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Mara ya pili niliziweka rimu juani hadi zikapata uvuguvugu, nikapaka kwa unene wa kidole kidogo, kisha nikafunika kwa nailoni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 nyumba haina hata mmoja, lakini nilikuwa na kipande cha nailoni ya kitalu changu cha miche ya parachichi. Baada ya nusu saa nimeinua: klia imekunjamana yote kwa mpigo, kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Ukipitisha kipande cha mbao inateleza yenyewe. Nakiri nilicheka peke yangu.

Rimu tatu zimevuka leo. Ya nne ina sehemu kwenye mizizi ya mikono ya rimu ambako klia imegoma. Kesho jioni.

Meseji, 2,000. Jumapili haendi dukani. Hii ni ya nauli ya kanisani.

Jumamosi, 21 Juni

Msasa. Hii siku sitaiandika sana kwa sababu haikuwa na kitu ndani yake ila msasa.

Namba 240 kufuta minyoo, 400 kufuta mistari ya 240, 600 kufuta mistari ya 400, wa maji wote. Uso wa rimu moja umenichukua saa tatu na dakika arobaini. Rimu ya mbele kushoto ina makovu ya ukingo wa barabara. Nimeanzia 120 na bado mawili yanaonekana ukiinamisha kichwa. Ukiwa na rangi unaziba kwa puti na maisha yanaendelea. Ukitaka chuma kitupu hakuna puti, kovu lazima ulisugue hadi ufike chini yake.

Mpwa wangu, kwa nia njema kabisa, aliona nachelewa. Nimeingia ndani kunywa chai, nimetoka nimekuta kafunga brashi ya waya kwenye grainda na ameshamaliza upande wa ndani wa rimu mbili. "Anko, cheki, dakika kumi tu!" Inang'aa kweli. Nimemshukuru, nikaificha grainda.

Jumapili, 22 Juni

Vile nilivyoogopa. Zile rimu mbili zimelala na umande, na asubuhi upande wa ndani una vidoti vya kahawia. Alumini haishiki kutu ya kahawia. Ni vipande vya waya wa chuma vilivyojichomeka kwenye alumini laini. Vinaoza, na pembeni yake alumini inaliwa haraka kuliko kawaida. Ukipaka klia juu ya hapo unakuwa umepanda minyoo mipya kwa mkono wako mwenyewe. Nimesugua tena kwa msasa hadi vidoti vikaisha, mimi na mpwa, bila maneno mengi. Yeye ndiye aliyefanya rimu ya pili yote. Ana mkono mzuri kuliko wangu, ila hana subira ya kuuliza.

Jumamosi, 28 Juni

Rimu namba moja iko tayari. Nimeipandisha hadi msasa 1500 na kuisugua kwa dawa ya kung'arisha. Naweza kuona meno yangu ndani yake. Nimeileta mezani wakati wa chakula cha mchana na nimeambiwa niiondoe.

Klia niliyonunua Mwanjelwa ni ile ya kopo mbili, sehemu mbili za klia kwa moja ya hadina, dawa ya kuigandisha, na thina kidogo. Muuzaji aliniambia wenye magari wananunua ile ya kopo moja ya kupuliza kwa sababu ni rahisi. Haihimili petroli: mpe mtu wa sheli amwagie tone, uone. Hii ya hadina ikishakauka imekauka.

Lakini hadina ina isosaineti, na hiyo ni habari nyingine. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii kitu hapo. Mapafu yakishaichukia mara moja, hata harufu ya mbali inaweza kukuletea pumu. Nina barakoa ya mpira yenye vichujio viwili vya mvuke, vipya, na nimepulizia nje. Mafundi wengi wa rangi ninaowajua wanapuliza wamefunga leso. Wanakohoa wote.

Nimepaka saa kumi jioni, mikono miwili ya klia, dakika kumi na tano katikati. Imetoka kama kioo. Saa kumi jioni, Uyole, mwezi wa sita. Nimeandika muda huo hapa ili nikumbuke nilivyokuwa na akili.

Jumapili, 29 Juni

Asubuhi nimegusa kwa ncha ya kidole upande wa ndani. Alama ya kidole imebaki, mistari yote, ungeweza kuipeleka polisi.

Usiku huku unashuka chini ya nyuzi 10, na klia ya hadina ikishakuwa kwenye baridi hiyo inasimama tu, haikauki wala haiharibiki, inasubiri. Nimerudi kwa muuzaji. Kageuza kopo la hadina, kasoma, kacheka. Hadina yangu ni ya polepole, inayopelekwa Dar es Salaam ambako jua hukausha klia kabla haijatandaa. Mbeya unataka ya haraka. Anazo zote mbili rafu moja, kopo zilezile, tofauti ni herufi moja kwenye lebo. Sikumlaumu sana; sikuuliza.

Mpwa alipendekeza tuifungie rimu chumbani na jiko la mkaa. Nikamwuliza mvuke wa thina ukikutana na moto unafanyaje. Akafikiri. "Tusifanye hivyo, Anko."

Rimu inakaa juani kuanzia saa nne hadi saa tisa, inarudi ndani kabla ya umande. Nitafanya hivyo wiki nzima, kama mtu anayeanika mahindi.

Jumamosi, 5 Julai

Klia ya rimu namba moja imekauka. Ngumu, safi, inameremeta. Kabla sijafanya zile tatu nimeona niijaribu. Nimekata vimistari kwa wembe upande wa nyuma wa mkono mmoja, mstari huku mstari kule, vikawa vyumba vidogo kama karatasi ya hesabu. Nimebandika tepu, nimeisugua kwa ukucha, nimevuta.

Vyumba vyote vimekuja na tepu. Siyo kimoja wala viwili. Vyote, na pembeni yake kipande kingine cha ukubwa wa kiganja kimeinuka kwa hiari yake. Chini: alumini safi, inang'aa, haina hata doa la klia. Kama vile haikuwahi kupakwa.

Nimekaa kwenye ndoo muda mrefu.

Ubaya haukuwa wa klia, ulikuwa wa meno yangu kuonekana. Kitu kilichosuguliwa kwa 1500 hakina pa kushikiwa; klia imelala juu yake kama maji kwenye jani la mgomba. Tena alumini ikiachwa hewani inajivika oksidi yake mara moja, na mimi niliiacha siku nzima nikiionyesha watu mezani. Kiwandani wanaweza. Rimu zao za kukatwa kwa mashine zina vifereji vyembamba vya kisu, na kabla ya klia zinaoshwa kwa kemikali zinazoacha utando ambao rangi inaung'ata. Hata hivyo, hizo ndizo zinazoongoza kwa minyoo kokoto ikishapita. Mimi nina ndoo, msasa na jua la saa tano. Nilikuwa naiga kazi ya mashine kwa sababu ya gari moja la Mafiati, na huyo mwenye gari sijui kama lake limefika mwaka.

Nimeamua. Silva. Praima ya epoksi, rangi ya kwanza ya kushikia, kwenye chuma kilichokwaruzwa, silva, klia. Mama watoto kauliza, "Si ndiyo rangi zilizokuwa nayo?" Ndiyo.

Nimevua rimu namba moja upya. Klia ambayo haikushika imetoka kwa kijiko.

Jumapili, 6 Julai

Kazi imegeuka nyepesi. Ukikubali rangi, kila kitu kinakubali. Makovu ya ukingo yamezibwa kwa puti, yamesuguliwa. Rimu zote nne zimekwaruzwa kwa 320 hadi hakuna mahali panapong'aa, zimefutwa kwa thina na kitambaa cheupe hadi kitambaa kimebaki cheupe.

Mahali nati zinapokaa, na nyuma pale rimu inapolala kwenye habu, kitovu cha gurudumu, nimeziba kwa tepu ya karatasi. Hapo rangi haitakiwi. Rangi nene chini ya nati inabanwa, inasagika, inaisha, na nati iliyokuwa imekaza inabaki na nafasi. Rimu nzuri iliyokupita barabarani haina faida.

Epoksi saa tano asubuhi, rimu zikiwa na uvuguvugu. Kopo la praima nimelitia kwenye beseni la maji ya moto kwanza. Hadi saa tisa ilikuwa imeshika.

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba

Siku ya mapumziko, duka limefungwa, nimepata mtazamaji mwenye kikombe cha chai.

Msasa 600 kwa wepesi, futa, silva mara tatu nyembambanyembamba, ukisimama mbali kidogo ili silva ianguke sawa. Ukiisogelea inafanya mawingu. Halafu klia na hadina mpya ya haraka. Mkono wa kwanza mwembamba kama ukungu. Dakika kumi na tano. Mkono wa pili umelowa.

Rimu ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu, klia imefunguka vishimo vya mviringo, kama macho ya samaki, kila kimoja kina silva kavu katikati. Hiyo ni silikoni. Dawa ya kung'arisha matairi niliyokuwa napulizia kila Jumamosi miaka yote hiyo ilijificha kwenye tundu la valvu, na kitambaa changu kimeitoa huko kikaitembeza. Hapo huwezi kuongeza klia, vishimo vinatanuka tu. Nimeiacha ikauke, nitaisugua na kuipaka peke yake.

Ya nne nilikuwa na hasira na ile ya tatu. Mkono umekaa mahali pamoja mno. Nimeliona chozi likianza juu ya mkono wa rimu, likanenepa, likashuka polepole na kusimama nusu ya njia. Ukiligusa limeharibika, usipoligusa linabaki. Sikuligusa.

"Linaonekana," kasema yule wa chai.

Jumamosi, 12 Julai

Rimu ya tatu imesuguliwa, imefutwa kwa thina mara nne, kila mara kwa kitambaa kipya, imepakwa silva na klia saa sita mchana. Hakuna jicho hata moja. Nimefanya jaribio la tepu nyuma ya rimu namba moja, vyumba vilevile vya hesabu. Tepu imetoka tupu.

Mpwa wangu alipiga kelele hadi mzee wa sabuni akatoka kuangalia. Kapitisha kidole kwenye rimu. "Ndaga," kasema, asante ya Kinyakyusa, sijui kwa nani.

Jumamosi, 19 Julai

Nimezipa wiki nyingine kwa sababu ya baridi. Klia inayoonekana kavu bado ni laini ndani, na mashine ya matairi ina taya za chuma. Kijana wa pancha safari hii kaweka vipande vya mpira kwenye taya bila kuombwa. Valvu mpya. Vyuma vya balansi ni vya kubandika, vimewekwa ndani; vile vya kugongea ukingoni ndivyo vilivyoanza kuchubua rimu zangu mwanzoni.

Nati nimezikaza kwa mkono kwanza, kwa mpangilio wa nyota, kisha kwa spana ya kipimo: nyutoni mita 103, ndicho kipimo cha Toyota. Rimu yenye chozi iko nyuma kulia, upande wa ukuta tunapoegesha.

Jumapili, 20 Julai

Tukuyu, kwenda kukaza nati tena. Rimu zilizotoka kupakwa hukazwa upya baada ya mwendo. Nimempeleka na mama watoto, kwa kuwa ni haki yake.

Kama kawaida, ukianza kushuka upande wa Rungwe jua linabaki Uyole na manyunyu yanakupokea. Tumesimama karibu na soko. Nati kumi na nane hazikusogea kabisa. Mbili, zote mbele kushoto, zimesogea nywele moja kabla ya spana kulia. Maji yalikuwa yamesimama kwenye silva kwa matone ya mviringo, na tope jekundu la mashamba ya chai limeshaanza kukaa pale pembeni. Nilikuwa nimeinama nyuma kulia nikilitazama lile chozi, tone la maji limelala juu yake tone juu ya tone, simu ikalia mfukoni.

Alikuwa ndani ya gari, mita moja kutoka nilipo, kafungua kioo.

"60,000", meseji ilisema. Nauli ya kanisani kanisamehe.